Gari Kuukuu Haliuawi na Umri

Katika ua wa shule, zahanati na misheni nyingi za Afrika ya Mashariki si jambo geni kuliona gari la dizeli lililokwisha kufanya kazi kwa miaka thelathini au zaidi. Rangi yake imechujuka, viti vyake vimeshonwa upya mara kadhaa, na pengine mlango mmoja hufungwa kwa kamba. Hata hivyo gari hilo ndilo lipelekalo mahindi mashineni, ndilo liletalo vitabu kutoka wilayani, na usiku wa manane ndilo limkimbizalo mgonjwa hospitali. Kisha siku moja asubuhi gari hilo hukataa kuwaka.

Yanayofuata yanajulikana na wengi. Mtu wa kwanza husema kwamba betri imechoka. Betri mpya hununuliwa. Wa pili husema kwamba nozeli zimeharibika. Nozeli zote hufunguliwa. Wa tatu huapa kwamba pampu ya dizeli imekufa, nayo hung'olewa na kupelekwa mjini. Baada ya mwezi mmoja, fedha zikiwa zimekwisha, hugunduliwa kwamba kulikuwa na waya mmoja mdogo uliochomoka, au mpira wa dizeli uliopasuka na kuingiza hewa. Mara nyingine jambo hilo haligunduliwi kamwe. Gari husukumwa hadi chini ya mwembe, kuku hutaga ndani yake, na hukumu hutolewa kwamba limezeeka.

Hoja ya makala haya ni kwamba hukumu hiyo aghalabu si ya haki. Umri peke yake haulizimi gari la dizeli. Mara nyingi kilizimacho ni desturi ya kubahatisha. Na kwa kuwa dawa ya kubahatisha ni kuelewa, na elimu inayohitajika kwa kuielewa injini hii ni ile ile ifundishwayo katika masomo ya fizikia na kemia ya sekondari, shule hazina udhuru wa kuliacha gari la namna hiyo lioze bila ya kuwa somo.

Moto usiohitaji cheche

Rudolf Diesel, aliyezaliwa mjini Paris mwaka 1858 kwa wazazi wa Kijerumani, alipewa hataza ya injini yake mwaka 1893. Mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, injini aliyoiunda ilipimwa na kuonekana kwamba hugeuza kiasi cha robo moja ya nishati iliyomo katika mafuta kuwa kazi. Kwa wakati ule hayo yalikuwa mafanikio makubwa, kwani injini za mvuke zilipoteza sehemu kubwa zaidi ya joto lake.

Siri ya injini hiyo anaijua kila kijana aliyepata kujaza upepo tairi la baiskeli. Pampu ya baiskeli hupata joto kwa sababu hewa inayogandamizwa kwa haraka hupanda halijoto. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta huwashwa kwa cheche ya plagi. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Pistoni huivuta hewa tupu, huigandamiza hadi ujazo wake uwe kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya ujazo wa mwanzo, na hapo ndipo dizeli hupulizwa ndani yake ikawaka yenyewe.

Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kulihakiki jambo hili kwa kalamu. Hewa yenye halijoto ya nyuzi 27 za Sentigredi, yaani 300 za Kelvin, ikigandamizwa mara ishirini bila kupoteza joto, hufikia karibu 1,000 za Kelvin, yaani zaidi ya nyuzi 700 za Sentigredi. Katika injini halisi sehemu ya joto hilo huishia katika kuta za silinda, kwa hiyo kiasi kinachofikiwa ni pungufu. Lakini dizeli huanza kuwaka yenyewe kwa nyuzi 250 hivi. Basi akiba iliyopo bado ni kubwa. Akiba hiyo ndiyo inayoliwa kidogo kidogo ringi za pistoni zinapolika na hewa inapovuja. Injini inapokuwa ya moto hufanya kazi bila ya shida, lakini asubuhi ya baridi huanza kusumbua.

Kutokana na hayo, kila ugonjwa wa injini ya dizeli hauna budi kutafutwa katika mambo matatu: hewa, mafuta na joto. Je, hewa inaingia ya kutosha, nayo inagandamizwa vya kutosha? Je, dizeli safi inafika kwa wakati wake, ikiwa imepulizwa kama ukungu? Je, joto ndani ya silinda linatosha kuiwasha? Mitambo mingine yote, kama ule wa maji na ule wa mafuta ya kulainisha, ipo ili mambo hayo matatu yaendelee bila ya injini kujiharibu.

Kuuliza kabla ya kushika spana

Na turudi kwenye gari lililokataa kuwaka. Mtu anayebahatisha huanza kwa spana. Mtu anayeelewa huanza kwa swali. Swali la kwanza ni kama stata inaizungusha injini kwa kasi ya kawaida. Ikizunguka polepole, hewa hupata nafasi ya kuvuja na kupoa kabla haijafikia joto linalotakiwa, na hapo ndipo betri na nyaya zake zinapostahili kutazamwa. Nyaya zenye kutu katika ncha zake zinaweza kuleta dalili ile ile ya betri iliyokufa, na kuzisafisha hakugharimu kitu.

Ikiwa injini inazunguka vizuri, swali la pili ni hili: je, wakati wa kuizungusha, moshi wowote unatoka katika bomba la ekzosi? Kama hautoki kabisa, yaelekea dizeli haifiki ndani ya silinda. Hakuna maana basi ya kushughulika na plagi za kupashia joto. Ipo sababu ya kutazama kama tangi lina mafuta, kama chujio limeziba, kama hewa imeingia katika mipira, au kama umeme unafika kwenye swichi ndogo iliyo juu ya pampu, ambayo kazi yake ni kuifungulia dizeli wakati ufunguo unapowashwa. Hewa ni adui mkubwa katika mfumo huu kwa sababu hugandamizika. Pampu ikisukuma dizeli, msukumo hufika katika nozeli. Ikisukuma mapovu, mapovu hunywea na kutanuka, na nozeli haifunguki. Ndiyo maana mafundi husema kwamba gari “limeingia upepo”, na kwamba halina budi kutolewa upepo huo.

Lakini ikiwa moshi mweupe unatoka na injini haiwaki, habari ni nyingine. Moshi huo kwa kawaida ni dizeli iliyofika ndani lakini haikuungua. Mafuta yapo, kinachokosekana ni joto, au majira ya kupuliza yamechelewa. Hapo plagi za kupashia joto zapasa kupimwa. Kipimo chake ni kanuni ya Ohm: plagi nzuri ya volti 12 aghalabu huwa na ukinzani usiofika omu 2, na ile iliyoungua ndani ni sawa na waya uliokatika. Mita ndogo ya maabara yatosha kutoa jibu kwa dakika kumi, bila ya kununua kipuri chochote.

Gari likiisha kuwaka, moshi huendelea kusema. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa iliyopo: chujio la hewa limeziba, au nozeli inadondosha badala ya kupuliza. Moshi wa buluu maana yake mafuta ya kulainisha yanaungua. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto, hasa ukiambatana na maji kupungua katika rejeta, huonya kwamba huenda maji yanapenya ndani ya silinda. Dalili hizi si za siri. Zinahitaji mtu atakayetazama na kufikiri kabla ya kutenda.

Desturi tatu zenye hasara

Zipo desturi tatu zilizoenea sana, nazo zote zaonyesha jinsi kutoelewa kunavyoligharimu taifa.

Ya kwanza ni kuiondoa thamostati. Injini inapochemka, wako wanaosema kwamba katika nchi za joto kifaa hicho hakina kazi, nao hukitupa. Kwa kweli thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya tu. Kazi yake ni kuifikisha injini katika halijoto inayofaa na kuiweka hapo. Injini inayokwenda ikiwa baridi huunguza mafuta vibaya na hulika haraka. Tena, katika injini fulani thamostati hiyo hiyo ndiyo inayoifunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila ya kupita katika rejeta, na injini huchemka zaidi kuliko awali. Mara nyingi chanzo cha kuchemka kilikuwa rejeta iliyojaa magadi kwa kutiwa maji ya kisima yenye chumvi, au kifuniko chake kilichokufa. Kifuniko hicho nacho ni somo: kanieneo ndani ya rejeta ikifika mara mbili ya kanieneo ya kawaida ya hewa, maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali kwa 120 hivi. Kwa sababu hiyo kukifungua ghafla injini ikiwa ya moto ni kujitafutia kuungua uso.

Ya pili ni kuikaza skrubu ya pampu ili gari “lipate nguvu”. Kilo moja ya dizeli huhitaji kiasi cha kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote, na kwa vile hewa na mafuta havipati muda wa kuchanganyika barabara, injini hutaka hewa zaidi ya hapo. Injini isiyo na tabo haiwezi kuvuta hewa kuliko ujazo wake. Kuiongezea mafuta bila ya kuiongezea hewa huleta nguvu kidogo na masizi mengi. Mwenye gari hufurahi kilimani, kisha hulipa kituoni, na watembeao kando ya barabara hulipa kwa mapafu yao.

Ya tatu ni kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, au kununua dizeli iliyochanganywa kwa kuwa bei yake ni nafuu. Pampu nyingi za magari madogo, zile za kuzunguka, hazilainishwi na kitu kingine ila dizeli inayopita ndani yake. Nafasi kati ya vyuma vyake ni elfu chache tu za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene mara nyingi zaidi. Mafuta ya taa ni mepesi na hulainisha hafifu, kwa hiyo vyuma hivyo hukwaruzana. Hasara hiyo ilikuwa kubwa hata serikali zikachukua hatua: Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka ushuru maalumu mwaka 2018, zote mbili kwa kusudi la kuondoa tamaa ya kuchanganya. Lakini sheria haitoshi ikiwa mnunuzi mwenyewe hajui kwa nini shilingi chache anazookoa leo zitamgharimu pampu nzima kesho.

Maji na vumbi

Matunzo yanayoliongezea gari umri hayana fahari yoyote, na labda ndiyo maana hupuuzwa. Dizeli ni nyepesi kuliko maji. Lita moja yake ina uzito wa gramu 840 hivi. Kwa hiyo maji yaliyoingia katika tangi hutuama chini, na katika magari mengi kipo kikombe chini ya chujio, chenye kizibo cha kuyatolea. Kukifungua kikombe hicho mara kwa mara ni kazi ya dakika tano. Kuyaacha maji yafike katika pampu ni kuialika kutu katika chombo cha thamani kuliko vyote vilivyomo chini ya boneti.

Au vumbi. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoanza kutolewa mwaka 1990 na ambayo imeendesha magari mengi ya Land Cruiser katika nchi hizi, ina silinda sita zenye ujazo wa jumla wa lita 4.2 hivi. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta hewa mara 1,000, yaani karibu lita 4,200 kila dakika. Kwa saa moja kiasi hicho hufikia meta za ujazo 250, ambazo ni nyingi kuliko hewa yote iliyomo katika darasa lenye urefu wa meta 10, upana wa meta 8 na kimo cha meta 3. Na afikiri mwanafunzi ni vumbi kiasi gani la barabara ya udongo limo katika darasa zima la hewa, kisha aulize ni nini huzipata silinda siku chujio linapotobolewa au kuachwa bila ya kufungwa sawasawa. Injini hiyo hiyo ina mkanda wa ndani ambao mtengenezaji huagiza ubadilishwe kila kilometa 100,000. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinaweza kugongana. Hapo gari haliwezi kusemwa kwamba limekufa kwa uzee. Limekufa kwa kutosomwa kitabu chake.

Hoja za upande wa pili

Wako watakaosema kwamba kuyatetea magari makuukuu ni kuutetea moshi. Hoja hii ni nzito na haifai kubezwa. Mwezi Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hakuna gari la zamani litakalokuwa safi kama jipya lenye vifaa vya kuuchuja moshi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zenyewe zilikwisha kuchukua hatua Januari 2015, zilipoanza kutumia kiwango cha dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni.

Hata hivyo, kwa shule au zahanati isiyo na uwezo wa kununua gari jipya, uchaguzi uliopo ni kati ya gari la zamani linalotunzwa na gari la zamani linalotoa wingu jeusi. Anayeelewa maana ya moshi mweusi ana sababu mbili za kuuondoa, yaani afya ya watu na fuko lake. Na gari ambalo injini yake imelika kabisa, hata moshi wake hauponi kwa matunzo, lastahili kustaafishwa. Kuelewa ndiko kunakomwezesha mwenyewe kuijua saa hiyo.

Wengine watasema kwamba elimu hii imepitwa na wakati, kwani injini za leo huongozwa na kompyuta. Ni kweli kwamba katika injini mpya kanieneo ya dizeli hupita mara 1,500 ya kanieneo ya hewa, na hakuna anayeweza kuzitengeneza kwa spana na kitambaa. Lakini kompyuta hiyo hutoa namba ya kosa tu. Haifikiri kwa niaba ya fundi. Aliyezoea kubahatisha kwenye gari la zamani atabahatisha pia kwenye jipya, na huko kila kosa lake litakuwa ghali mara kumi.

Fundi na mwalimu

Yafaa ieleweke kwamba hoja hii haiwadharau mafundi wa mitaani. Wako miongoni mwao wanaoweza kutambua kwa sikio silinda isiyofanya kazi, na ujuzi huo wameupata kwa miaka mingi ya jua na grisi. Upungufu uliopo ni kwamba ujuzi wao na elimu ya shule havikutani. Fundi anajua kwamba jambo fulani hutokea lakini hakupata kuelezwa sababu yake. Mwanafunzi ameikariri sababu katika daftari lakini hajapata kuliona jambo lenyewe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule zapasa kuunganisha masomo na kazi. Gari lililo uani linaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Mwalimu wa fizikia hahitaji karakana ya mamilioni. Anaweza kumwalika fundi wa jirani kwa alasiri moja. Wanafunzi wapime ukinzani wa plagi, wakadirie hewa inayovutwa na injini, wayatazame maji yakitengana na dizeli katika chupa ya kioo, na waandike katika daftari moja la gari tarehe, kilometa, kilichobadilishwa na sababu yake. Tahadhari ni lazima: injini isiwashwe katika chumba kilichofungwa, mikono ikae mbali na mikanda na feni, na kamwe mtu asiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza, kwa maana dizeli yenye kanieneo zaidi ya mara 100 ya hewa hupenya ngozi na kuingia mwilini.

Darasa la namna hiyo halitamfanya kila mwanafunzi kuwa fundi wa magari. Faida yake ni pana zaidi, nayo ni tabia ya kuuliza chanzo kabla ya kununua dawa. Tabia hiyo humfaa muuguzi, mkulima, mhasibu na waziri. Na siku mgonjwa atakapoletwa usiku wa manane, huku dereva akizungusha ufunguo bila ya jibu, atafaa mtu mmoja pale uani anayejua kwenda nyuma ya gari kwanza, akatazama kama kuna moshi.